Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo wa Rice: Msimpime Pierce Kabla ya 2028

Kwa Ndugu Tommy McClelland,
Mkurugenzi wa Michezo,
Chuo Kikuu cha Rice,
Houston, Texas.

YAH: KOCHA WA BESIBOLI DAVID PIERCE NA SUBIRA YETU SISI WA JUKWAANI

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayobishania michezo. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi na kujaza fomu. Nikikitumia kumtetea kocha nitaonekana naomba likizo. Mkalimani hutamkosa. Toka hapo chuoni uelekee magharibi hadi mtaa wa Gulfton, uulizie Wakongomani. Utasomewa barua yote, na chai utapewa.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nafanya kazi za zamu katika mojawapo ya hospitali zilizo ng'ambo ya barabara ya Main, mkabala na chuo chenu. Mwaka 2019, Jumamosi moja, nilitoka kazini mchana nikasikia mlio wa gongo la aluminiamu kutoka Reckling Park, uwanja wenu wa besiboli. Nikalipa, nikaingia. Sikujua hata nani anashambulia na nani anazuia. Mzee mmoja aliyevaa kofia yenye bundi, nembo ya timu zenu, aliniona nilivyokodoa macho, akasogea karibu, akanifundisha besiboli kuanzia mwanzo hadi zamu ya tisa, ya mwisho ya mchezo, bila kuchoka. (Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaani. Ninyi mmemweka kwenye kofia za watoto. Nikiri kwamba kuna misimu nimejiuliza kama si hapo tatizo lilipoanzia.)

Tangu siku ile nimekuwa wenu. Na tangu siku ile sijawahi kuiona timu hii ikimaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hata msimu mmoja. Nimeingia harusini wali umekwisha, wazee wanasimulia pilau lilivyokuwa.

Ombi langu ni moja. Kabla msimu wa 2026 haujaanza mwezi Februari, tamka hadharani kwamba Kocha Pierce hatapimwa kwa idadi ya ushindi hadi msimu wa 2028 uishe. Sema sasa, wakati hakuna anayekasirika. Tamko la kumuunga mkono kocha likitolewa mwezi wa Aprili baada ya vipigo sita mfululizo, kila mtu anajua maana yake. Hata sisi tuliolelewa na Simba na Yanga tunaijua sana hiyo lugha.

Nianze na yale ambayo yule mzee alinisimulia, maana hoja yangu imo humo. Wayne Graham alipoanza kuinoa Rice msimu wa 1992, alikuwa mtu wa miaka 55 hivi aliyetoka San Jacinto, chuo cha miaka miwili, ambako alikuwa ametwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya aina hiyo mara tano. Rice ilikuwa haijawahi kugusa mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Aliifikisha huko mwaka 1995, msimu wake wa nne. Omaha, kwenye fainali za timu nane, alifika 1997, msimu wa sita. Ubingwa ulikuja 2003, msimu wa kumi na mbili. Stanford ilipigwa 14-2 katika mchezo wa mwisho, na Philip Humber alirusha mchezo mzima peke yake. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa taifa kwa timu yoyote ya Rice, mchezo wowote ule. Kuanzia 1995 hadi 2017 timu haikukosa mashindano ya taifa hata mwaka mmoja: miaka 23.

Mashabiki wanaoutaja mwaka 2003 huwa wanaruka hiyo 1992, 1993 na 1994. Nimewasikia. Wanasimulia kana kwamba Graham alishuka kwenye gari na kombe mkononi.

Sasa niseme linaloniumiza, kwa sababu bila hilo barua hii haitakuwa ya kweli. Mimi nilimtetea José Cruz Jr., kocha aliyemtangulia Pierce. Nilimtetea kuliko ninavyomtetea Pierce leo. Mtoto wa nyumbani, nyota wa Rice wa miaka ya tisini, aliyechaguliwa na timu za ligi kuu akiwa wa tatu nchi nzima mwaka 1995, akacheza ligi kuu miaka mingi, amerudi kulijenga upya boma. Msimu wake wa kwanza, 2022, alishinda 17 akapoteza 39. Mwaka uliofuata ushindi 21. Mwaka uliofuata tena, 23. Nikawaambia wenzangu pale jukwaani: mnaona, tunapanda. Ngazi hupandwa kipande kimoja kimoja. Ikaja 2025, tukaanza kwa ushindi 2 na vipigo 14, na mwezi Machi mkamwondoa katikati ya msimu.

Kwa hiyo wanaosema "tumeshavumilia, tumepata nini?" hawana ubaya. Walimvumilia Matt Bragga, kocha wa kabla ya Cruz, misimu mitatu, wakamvumilia Cruz karibu minne. Waswahili tuna methali mbili zisizopatana: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Mimi niling'ang'ania ile ya kwanza huku nikihesabu kitu kisichofaa kuhesabiwa. Kumi na saba, ishirini na moja, ishirini na tatu: namba zilipanda, na chini yake hapakuwa na msingi. Ushindi wa Jumanne dhidi ya chuo kidogo unahesabika sawa na ushindi wa Ijumaa dhidi ya timu nzito, na mwisho wa mwaka huwezi kuzitofautisha kwenye jumla.

Ndiyo maana nakuomba uziweke kando kwa misimu mitatu, umpime Pierce kwa mengine.

Kwanza nieleze kwa nini nataja 2028. Kwa kanuni za NCAA, kocha wa besiboli haruhusiwi kuanza mazungumzo ya kumsajili kijana wa sekondari kabla ya Agosti 1 ya kuelekea mwaka wake wa tatu wa shule. Pierce alichukua timu Machi 2025. Vijana wa kwanza anaoweza kuwafuatilia tangu mlango unapofunguliwa ni wale wa Agosti 2025. Hao watamaliza sekondari 2027 na mchezo wao wa kwanza wakiwa na jezi yenu utakuwa Februari 2028. Kabla ya hapo anapika kwa nazi iliyokunwa na mwingine.

Najua jibu la watu wa siku hizi: kuna uhamisho, awalete wachezaji ishirini kutoka vyuo vingine, mwaka mmoja timu imekamilika. Ni kweli kwamba tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 anaweza hata kuhama kila mwaka mradi masomo yake yako sawa. Vyuo vingine vimejijenga hivyo. Lakini Rice inapokea chini ya waombaji kumi katika kila mia, na kijana anayerusha mpira maili 95 kwa saa bado anapaswa kukubaliwa na ofisi ya udahili, kisha masomo aliyoyasoma kwingine yatambuliwe. Hilo silisemi kama kasoro. Ni heshima ya chuo, na wazazi tunaiona. Ila huwezi kuwa na udahili wa namna hiyo halafu ukadai kasi ya wale wasio nao.

Huku kwetu mfano wa haraka haraka tunao. Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025 Yanga ilipitiwa na Gamondi, Ramovic, Hamdi na Folz, makocha wanne, na katikati ya rabsha hiyo ikachukua ubingwa wa 2024/25. Rafiki yangu wa Kigoma hunirushia mfano huo kila nikitaja subira. Namjibu kwamba Yanga ikipwaya kiungo, dirisha dogo likifunguliwa inanunua kiungo. Pierce akikosa mrushaji mwezi Machi, anabaki na alionao hadi Mei, na mmoja wao ana mtihani wa kemia Jumatatu.

Mfano unaofaa uko karibu zaidi, tena ni ndugu yenu. Pat Hallmark alichezea Rice, akawa msaidizi wa Graham, na mwaka 2019 UTSA, Chuo Kikuu cha Texas cha San Antonio, ikamwajiri. Mko ligi moja naye. Alikuwa na misimu mizuri iliyoishia bila mwaliko wa mashindano ya taifa. Mwaka baada ya mwaka alibaki nje ya mlango. Wangeweza kumchoka. Mwaka 2025 alishinda michezo 47, akatwaa ligi, kisha akaenda Austin akakipiga Chuo Kikuu cha Texas mara mbili kwao. Msimu wa sita huo. Sijui pale San Antonio walikunywa dawa gani, lakini tuletewe.

Na Texas ikitajwa Rice, mtu lazima atabasamu. Septemba 12, 1962, Rais Kennedy alisimama kwenye uwanja wenu wa futiboli kueleza kwa nini Marekani inakwenda mwezini, akachomekea: kwa nini Rice inacheza na Texas? Pierce ameijibu kwa kinyumenyume. Aliipeleka Texas Omaha mara tatu, 2018, 2021 na 2022, akaachana nayo 2024, kisha akakubali kuja kuchukua timu iliyokuwa 2 kwa 14, msimu ukiwa katikati. Kabla ya hapo alivipeleka vyuo vya Sam Houston na Tulane kwenye mashindano ya taifa. Na kabla ya yote hayo alikuwa benchi la Graham, kuanzia mwaka wa kombe hadi 2011. Mtu huyu hahitaji kuelezwa Omaha iko wapi.

Unaweza kuniuliza: basi tumtazame kwa lipi? Mimi natazama Jumapili.

Timu dhaifu huwa na mrushaji mmoja mzuri, na anarusha Ijumaa, mchezo wa kwanza wa wikendi. Jumamosi anakuja wa pili, mnajitahidi. Jumapili analetwa yeyote aliyebaki, na hapo ndipo unapoona mipira minne inakwenda nje, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza, halafu mwingine, halafu mwingine, vituo vimejaa na hakuna aliyepiga chochote. Nimekaa Jumapili nyingi za namna hiyo, jua la Houston likinichoma shingo. Rice ya 2003 ilikuwa na Humber, Jeff Niemann na Wade Townsend. Mwaka uliofuata wote watatu walichaguliwa ndani ya nafasi nane za kwanza nchi nzima. Wapinzani walikuwa hawana siku ya kupumua, na hilo ndilo lililokuwa siri yote. Kupiga kwao kulikuwa kuzuri, lakini Jumapili yao ilikuwa kama Ijumaa ya wengine.

Kwa hiyo mimi nitakuwa nahesabu: Jumapili, wapigaji wangapi wametembea bure? Mdakaji ameangusha mipira mingapi? Na mwezi Juni, wale wa mwaka wa kwanza waliocheza vizuri, wangapi wamebaki badala ya kuhama? Kama 2026 tutapoteza michezo 30 lakini wapigaji wanaotembea bure Jumapili wamepungua na vijana wamekaa, nitanunua tiketi ya 2027 bila kuuliza. Kama tutashinda 28 na nusu ya timu ikafungasha virago, nitajua tumerudi kwenye ile ngazi yangu ya 2024.

Subira hiyo nayo ina gharama, na upande wenu mnapaswa kuilipa. Tuambieni. Kocha akae na watu mara moja kwa mwezi, aseme nani ameumia, nani anafundishwa nini, kwa nini kijana fulani amehamishwa nafasi. Mzee wangu wa kofia ya bundi huniambia Graham alikuwa mkali kwa waandishi na kwa waamuzi, lakini ulijua anachojenga. Miaka hii tumekuwa tukisoma taarifa fupi kisha tunasikia mtu ameondolewa. Mtu aliyewekwa gizani hana subira, ana woga tu.

Na mfungue lango. Watoto wa Gulfton wanacheza soka kwenye maegesho ya magari, dakika chache kutoka uwanja wenye viti vitupu. Niliwahi kumleta kijana wa jirani yangu, mzaliwa wa Bukavu, mwenye miaka kumi na miwili. Zamu ya tatu akaniuliza kwa nini wanaume wazima wanatema maganda ya mbegu chini. Zamu ya sita alikuwa anamzomea mwamuzi kwa Kiswahili. Huyo hakuwa na 2003 ya kuililia. Alikuwa na timu iliyokuwa ikipoteza mbele yake na akataka kurudi kesho.

Graham alifariki Septemba 2024, akiwa na miaka 88. Yule mzee hakuja uwanjani wiki kadhaa za msimu uliofuata. Nikadhani ndiyo basi. Alirudi baada ya Pierce kufika, akakaa kiti kilekile, akafungua daftari lake la kuandika matokeo. Nilimuuliza anamtazamaje kocha mpya. Akasema mwulize mwaka wa tatu.

Ratiba ya Februari nimeshaibandika mlangoni. Zamu zangu za Jumapili nimebadilishana na mwenzangu wa wodini, yeye anataka Jumamosi. Nitakuwa upande wa kituo cha tatu, kivulini kama kutakuwa na nafasi. Na safari hizi nafasi huwa ipo.

Wako katika michezo,

Mtu wa Morogoro,
kusini-magharibi mwa Houston.