Kozi ya onlaini kuhusu Waaborijini isiishie kwenye kubofya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nasomea unesi huku Australia, na kwenye fani hii Waswahili tupo kibao, Wakongo, Warundi, Wakenya, Wabongo. Kuna somo la kumhudumia Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa huku, kwa heshima bila kumfanya ajione mdogo, na siku hizi sehemu kubwa inafundishwa onlaini. Onlaini yenyewe siipingi, kwa anayepiga shifti za usiku ndo mkombozi. Ninachopinga ni ile ya kubofya neksti neksti, maswali ya kuchagua, cheti, kwisha habari.

Hawa watu serikali ilikuwa inawanyang'anya watoto mpaka miaka ya 1970, wengine walichukuliwa hospitalini wakiwa wachanga, sasa bibi akiona mtu wa yunifomu anaingia na fomu mkononi unategemea atulie? Waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni 2008, sawa, ila mpaka leo wanaishi kama miaka minane pungufu ya wenzao, na kuondoka wodini kabla ya kuruhusiwa kunatokea zaidi kwao kuliko kwa wenzao.

Irihapeti Ramsden, nesi Mmaori wa New Zealand aliyeanzisha fikra hii ya huduma salama kiutamaduni, yaani isiyomdhalilisha mgonjwa kwa asili yake, alisisitiza kwamba wa kusema kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa mwenyewe. Sasa kompyuta inanipaje maksi mia?

Kipindi kilichonifundisha kweli kilikuwa laivu hukohuko onlaini, na mwalimu alikuwa mama mtu mzima wa Kiaborijini. Akaigiza mgonjwa, mwenzetu akamuuliza anaumwa wapi, mama kimya. Kimyaaa. Watu wakaanza kuandika kwenye chati sauti imekata, mwingine akarukia swali la pili, la tatu, mama akawa anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo kwa kila kitu. Halafu akatuambia hapo mgonjwa mshampoteza, alikuwa anafikiria jibu nyie mkamkimbiza, na hizo ndiyo zote ni ili mumwachie apumzike.

Halafu kuna hii ya kusema sisi weusi wenzao tunawaelewa. Jamani hapana, wodini mwenye faili na funguo za dawa ni mimi, yeye yuko kitandani.

Vyuo viwalipe vizuri Waaborijini wafundishe wenyewe, laivu, vikundi vidogo. Na sisi kwenye magrupu ya WhatsApp tuache kutumiana majibu ya hizo kwizi.

Msomaji wenu,
Perth, Australia