Risala ya Kadeti wa Chuo cha Ubaharia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi wetu na ndugu wahitimu,

Karibu sana chuoni. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo historia tutaikimbiza. Chuo kilianza na darasa moja na ubao. Mwaka 2020 korona ilifunga milango, tukahamia mtandaoni. Leo kanuni za kuzuia migongano, uthabiti wa meli na hali ya hewa vinasomwa kwa simu. Kadeti aliyeko Mafia anajibu jaribio lilelile la aliye bwenini. Hata magrupu yetu ya WhatsApp yana viongozi waliochaguliwa kwa kura. Kwa mafanikio hayo makubwa, Mheshimiwa, tunaomba makofi.

Sasa tuseme lililotuleta: ombi la vituo vya simuleta, yaani mitambo ya kuiga uendeshaji wa meli.

Simu haifundishi ECDIS, yaani mfumo wa ramani za kielektroniki anaoutegemea ofisa wa zamu usiku kucha. Kozi ya mfano ya IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, namba 1.27 inataka saa 40, pamoja na mazoezi ya simuleta. Kwa video, kadeti anakariri tu pa kubonyeza. Chukua mstari wa kina salama, yaani mpaka kwenye ramani kati ya maji yanayotosha meli na yasiyotosha. Meli imeingia majini mita 8, unaongeza mita 1 ya kudidimia kwa mwendo na 2 za akiba, unaandika 11. Ramani ya eneo hilo ikiwa na mistari ya mita 10 na 20 tu, mfumo unachukua 20. Maji yote ya katikati yanageuka rangi ya hatari, kengele zinalia mfululizo, na asiyejua sababu atazinyamazisha. Septemba 2013, meli ya kemikali Ovit ilipanda fungu la mchanga la Varne, mlango bahari wa Dover. Njia ilichorwa juu ya fungu lenyewe, kina salama kiliwekwa vibaya, kengele ya sauti haikulia. Maofisa wale walikuwa na mafunzo ya ECDIS. Wachunguzi wakakuta hayakutosha.

Tuko kadeti 48 na kompyuta 4 za mazoezi zinazofanya kazi. Wawili kwa kila moja, ni makundi sita. Saa 40 kwa kila kundi ni saa 240, sawa na siku 40 za saa sita, umeme usipokatika. Na hukatika.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mwaka 2021 mgeni rasmi wa wakati huo aliahidi vifaa hivi "ndani ya robo mwaka". Kwa imani tulipaka chumba rangi na kufunga soketi 24. Soketi hizo, tunashukuru, zinachaji simu vizuri sana.

Tunaomba vituo 12, kila kimoja na skrini mbili, moja ya ramani na moja ya rada. Kituo cha mkufunzi. Na betri za kushikilia mitambo mpaka jenereta iwake. Leseni za programu zisimikwe kwenye kompyuta zetu, zisitegemee mtandao, maana ukikatika katikati ya zoezi kundi linaanza upya. Kwa vituo hivyo, makundi yatakuwa mawili tu, na siku 40 zitashuka hadi 14.

Orodha ya vifaa imo kwenye bahasha uliyokabidhiwa. Ukurasa wa mwisho una nafasi ya tarehe na sahihi. Kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.