Kuua seli maabarani si kumponya mgonjwa

Mhariri,

Nimeisoma habari ya ukurasa wenu wa afya inayosema mwarobaini "umethibitishwa" kuua saratani, na naomba nafasi niijibu. Mimi ni mtafiti wa maabara hapa Mombasa. Kazi yangu ni hiyo hiyo mliyoiandika: kusaga majani, magome na mizizi, kukamua kilichomo, kisha kupima kama kinadhuru seli za saratani. Naipenda kazi hii na ninaiamini, ndiyo maana habari ile imeniuma.

Jumamosi jirani yetu hapa Kisauni, mama mtu mzima anayetibiwa saratani ya titi, alinijia na ukurasa huo ameukunja ndani ya mkoba. "Mwanangu, kumbe mmeshaipata dawa?" Amebakisha mizunguko miwili ya dripu ya dawa za saratani, na tayari alikuwa amenunua unga wa majani ya mwarobaini sokoni Kongowea. Dripu zinamtapisha, nywele zimekwisha, na nauli za kila mara zimewachosha wanawe. Nani atamlaumu? Aliniuliza kama akiacha hospitali akanywa unga ule itakuwa sawa. Nikamwambia, si sawa mama, nikakaa naye hadi magharibi nikimweleza haya ninayowaandikia.

Tunatumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja upana wa punje ya mbaazi. Humo tunaotesha seli zilizotoka kwenye uvimbe wa binadamu. Zile za HeLa, kwa mfano, zilichukuliwa mwaka 1951 kwenye mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, huko Baltimore, Marekani, na hadi leo zinaendelea kuzaana. Tunazilisha, tunaziweka kwenye joto la nyuzi 37, tunazitilia dawa ya mti kwa viwango mbalimbali. Baada ya siku mbili tatu tunadondosha rangi ya manjano. Penye seli hai, manjano hugeuka zambarau. Zilipokufa, hubaki manjano vile vile.

Kishimo kikibaki manjano moyo hufurahi, sikatai. Lakini chumvi nayo ikizidi huua seli hizo. Spiriti huua. Sabuni huua. Kwa hiyo swali la kwanza ni kiasi gani kilitumika, na je, seli zisizo na saratani zilipotiliwa kiasi hicho hicho zilisalimika? Mara nyingi hazisalimiki. Tena kwenye sahani hakuna tumbo, hakuna ini la kuivunja dawa wala figo za kuitoa. Habari yenu haikugusa hata moja katika hayo.

Wala sidharau miti. Vinkristini, dripu wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, ilipatikana kwenye ua lenye asili ya Madagaska, ambalo hapa kwetu limejaa nyuani. Na mfano mkubwa zaidi uko ng'ambo tu ya feri ya Likoni. Mwaka 1972 wanakemia wa Marekani wakiongozwa na Morris Kupchan walitangaza kemikali iitwayo maitansini, waliyoipata kwenye mmea wa Ethiopia. Ndugu wa mmea huo, Maytenus buchananii, huota Shimba Hills, Kwale. Katika miaka hiyo ya 1970 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilivunewa huko zaidi ya tani 27. Walipotaka zaidi miaka michache baadaye, tani 8 zilipatikana kwa taabu, maana mmea haukuwa umechipua upya vya kutosha. Mimi huumia nikilifikiria hilo.

Kwenye sahani, maitansini ilikuwa kali ajabu. Chembe tu ilitosha. Wagonjwa walipopewa, iliwatapisha, ikawaharisha, ikawaathiri neva, na uvimbe haukupungua kwa kiasi cha maana. Ikawekwa kando. Baadaye wanasayansi wakaigeuza kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayozitambua seli za saratani ya titi zenye wingi wa protini iitwayo HER2, ili sumu ifunguke ndani ya seli hizo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2013. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita. Siku hizi malighafi yake hutoka kwa bakteria, si msituni.

Ombi langu ni dogo. Habari kama hii ikiletwa tena mezani kwenu, andikeni wazi kama dawa ilijaribiwa kwenye sahani, kwa panya au kwa watu, tena andikeni juu kabisa, si katika mstari wa mwisho ambao muuza unga hawasomei wateja wake. Mwandishi wenu akitaka kuja kuiona sahani kwa macho yake, nitampokea na kumwonyesha kila hatua, hata zile za dawa zilizoshindwa, ambazo ndizo nyingi.

Na msomaji aliye kwenye matibabu, tafadhali usiyakatishe. Kama unakunywa unga wowote, uchukue na mfuko wake umwonyeshe daktari kabla ya dripu inayofuata, maana ipo mitishamba inayogongana na dawa za saratani au kulichosha ini. Jirani yangu ameahidi kwenda na wake.

M.A.,
Kisauni, Mombasa