Kabla ya Jumamosi Mbuyuni

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunarekodi soko la Mbuyuni, saa 1 asubuhi, jua likiwa bado laini. Wekeni kamera fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo kwa mpangilio huo taa za vibandani hazitapepesa kwenye picha.

Kubwa zaidi ni mstari. Mama muuza ndizi na mteja wakitazamana, chora mstari kichwani kati yao, kisha baki upande mmoja. Ukivuka, kwenye uhariri wote wawili wataonekana wanatazama upande uleule, kama vile hawaongei pamoja. Kosa hilo linaumiza sana, maana halirekebishiki kirahisi kwenye meza ya uhariri.

Anzeni na picha pana, kisha karibu: mikono ikikata chane kwenye mkungu, noti ikipokelewa, uso. Kila picha ishikeni sekunde 10 kamera ikiwa imetulia. Wengi huzima mapema, mhariri anakosa pa kukatia. Zumu ya simu msiiguse kabisa, sogeeni kwa miguu.

Rekodini pia dakika 1 ya sauti ya soko peke yake, ninyi mkiwa kimya. Inafunika maungio ya sauti. Ruhusa ya muuzaji iombwe kabla ya kutoa kamera.