Kwa wanaotaka kuandikia programu vyombo vya angani

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeniuliza muanze na lugha gani ya programu. Anzeni na C, kisha C++. Python itawafaa kwa majaribio na kuchambua data zinazotumwa na chombo. Ila lugha ndiyo sehemu nyepesi.

Kinachonikosesha usingizi ni nidhamu ya namba. Mwaka 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu namba ya biti 64 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1) ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Mwaka 1999 Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA, ikapotea ilipofika Mirihi: programu moja ilitoa vipimo vya nguvu kwa pauni, nyingine ikavisoma kama nyutoni. Chombo kikishaondoka, hakuna fundi wa kukifuata. Kwa hiyo fizikia na hesabu za vekta (vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo) msizikimbie, hata kama programu mnaiandika vizuri.

Someni pia habari za Voyager 1, chombo cha NASA kilicho mbali sana na Dunia. Mwaka 2024 wahandisi waliihamisha sehemu ya programu yake iliyokuwa kwenye chipu mbovu ya kumbukumbu, huku kila amri ikichukua zaidi ya saa 22 kufika. Kazi ya namna hiyo inanisisimua mno!

Wiki hii pakueni F Prime, mfumo huria wa kuandikia programu za vyombo, wa JPL (maabara ya NASA), uliotumika kwenye Ingenuity, helikopta iliyoruka Mirihi. Jengeni mfano wa kwanza, tumeni amri moja, someni jibu. Ukikwama, weka picha ya kosa hapa kikundini, si kwangu binafsi, ili na wenzako waone. Tutaongea kwa sauti Jumamosi saa mbili usiku.