Commodore haikuuawa na washindani

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili imesema Commodore, kampuni ya kompyuta, iliuawa na mshindani wake IBM. Sikubali. Mimi ni fundi, na ile kompyuta ya Commodore 64 aliyoniletea mjomba, baharia, kutoka Hamburg inawaka hadi leo; mchezo naupakia kwa kaseti, chai inapoa nikingoja. Mashine haikuwa na kasoro, wakubwa wa kampuni ndio. Januari 1984 mwanzilishi, Jack Tramiel, aliondoka baada ya kuvutana na mwenyekiti Irving Gould. Mwaka huohuo wakatoa kompyuta ya Plus/4, isiyoweza kuendesha programu za Commodore 64! Nani angeinunua? Kompyuta yao ya Amiga ya 1985 ilikuwa na rangi 4,096, lakini wakashindwa kumweleza mteja kama ni ya ofisi au ya michezo. Aprili 1994 wakafilisika.

Fundi kompyuta,
Mombasa