Wikendi ya kwanza haitoshi kuihukumu filamu

Mhariri,

Kila ifikapo Mei, Hollywood inapoanza kuachia filamu zake kubwa za kiangazi, kurasa zenu za burudani hugeuka msimamo wa ligi. Jumatatu filamu hii "imevunja rekodi", ile "imedoda"; Jumatatu inayofuata zote mbili zimesahaulika, zimeingia nyingine. Habari yenyewe huwa fupi: jina la filamu, dola milioni kadhaa, picha ya mwigizaji, basi. Kiasi hicho cha siku tatu za kwanza, Ijumaa hadi Jumapili, kikiachwa peke yake, hakimwambii msomaji kama filamu imeleta faida au imekula mtaji, na mara nyingine humwambia kinyume kabisa cha kilichotokea.

Tazameni tarehe 16 Juni 2023. Siku hiyo ziliingia sokoni Marekani filamu mbili, kila moja ikiwa imegharimu takriban dola milioni 200: The Flash ya Warner Bros., ya shujaa wa vitabu vya vibonzo, na Elemental ya Pixar, katuni ya familia. Wikendi ilipoisha, The Flash ilikuwa na dola milioni 55, Elemental milioni 29.6. Waandishi wengi wakaizika Elemental palepale, maana kwa jina kubwa kama Pixar huo ulikuwa mwanzo hafifu mno. Wiki ya pili The Flash ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Ilipotoka kwenye majumba ya sinema ilikuwa imefikisha dola milioni 108 kwa Marekani na Canada, haikufika hata mara mbili ya ilichovuna wikendi ya kwanza. Elemental iliendelea kuchota kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hadi ikamaliza na milioni 154, zaidi ya mara tano ya mwanzo wake. Duniani kote ya kwanza ilipata kama milioni 271, ya pili karibu milioni 496. Korea Kusini peke yake Elemental iliuza tiketi zaidi ya milioni 7. Gazeti lililoandika habari Jumatatu ya tarehe 19 Juni na kunyamaza baada ya hapo liliwaacha wasomaji wake na picha iliyopinduka.

Sababu zake zinaeleweka. Filamu ya mashujaa wa vibonzo ina mashabiki wanaotaka kuiona usiku wa kwanza, kabla hawajaharibiwa utamu mitandaoni. Wakishakwisha hao, inabaki kutegemea sifa za mdomo. Kampuni ya CinemaScore hugawa kadi kwa watazamaji usiku wa kufungua, nao hutoa alama kuanzia A+ hadi F. The Flash ilipata B, Elemental ikapata A. B kwa mtoto wa shule ni alama nzuri. Kwa filamu iliyojaza mashabiki wake wenyewe usiku wa kwanza ni dalili mbaya. Familia kwa upande wao hazikimbilii. Mzazi husikiliza kwanza watoto wa jirani wanasemaje, na kwa kuwa shule za Marekani hufungwa Juni na Julai, anaweza kuwapeleka Jumanne au Jumatano mchana. Ndiyo maana filamu ya watoto iliyofunguliwa katikati ya Juni hupata fedha nyingi katika siku za kazi kuliko ile iliyofunguliwa mwanzoni mwa Mei, shule zikiwa bado wazi.

Kipimo cha kwanza ambacho mwandishi wenu angeweza kukitumia bila gharama yoyote ni kugawanya mapato yote ya ndani, yaani ya Marekani na Canada, kwa mapato ya wikendi ya kwanza. Ukipata tatu, filamu imekwenda vizuri. Filamu kubwa za mashujaa mara nyingi huishia mbili na nusu au chini ya hapo. Za familia hupita tatu na nusu. Kipimo cha pili kinapatikana ndani ya wiki moja tu: wikendi ya pili imeshuka kwa asilimia ngapi? Asilimia 50 hadi 60 ni kawaida kwa filamu kubwa, chini ya 45 watu wanaisifia kwa wenzao, na ikipita 65 wenye jumba wameshaanza kutafuta filamu ya kuweka mahali pake. Angalizo moja: wikendi ya pili ikiangukia sikukuu, kushuka huonekana kudogo kuliko kulivyo.

Hata hicho kiasi cha wikendi ya kwanza chenyewe kina mapishi yake. Maonyesho ya awali ya Alhamisi, ambayo zamani yalianza saa sita usiku na siku hizi huanza hata alasiri, hujumlishwa ndani ya Ijumaa. Deadpool & Wolverine, Julai 2024, iliingiza dola milioni 38.5 Alhamisi hiyo peke yake. Halafu takwimu inayosambaa Jumapili ni makadirio ya studio, maana Jumapili yenyewe haijaisha. Hesabu kamili hutoka Jumatatu. Kwa filamu hiyohiyo Jumapili walisema milioni 205, Jumatatu ikawa milioni 211. Safari hii makadirio yalikuwa chini, mara nyingine huwa juu, hasa studio inapogombania nafasi ya kwanza. Gazeti linaloingia mtamboni Jumapili usiku liseme wazi kwamba hayo ni makadirio.

Kosa jingine linalojirudia ni kulinganisha siku tatu na siku nne au tano. Wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya Marekani, inayoishia Jumatatu ya mwisho ya Mei, ina siku nne. Lilo & Stitch mwaka 2025 ilipata dola milioni 146 kwa siku tatu na karibu milioni 183 kwa siku nne; ukichukua hiyo ya pili ukailinganisha na wikendi ya kawaida ya Julai, umeipa zawadi ya siku nzima. Kuna pia filamu zinazofunguliwa Jumatano, na studio kwa kujua kabisa hutangaza jumla ya siku tano kwa herufi kubwa.

Sasa ushindani wenyewe. Wengi hudhani filamu mbili zikikutana zinagombania watazamaji. Kwa kiasi fulani ni kweli, ila kinachogombaniwa zaidi ni skrini, na hasa zile kubwa ambazo tiketi yake ni ghali. Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One ilifunguliwa Jumatano ya 12 Julai 2023. Ilisifiwa na wachambuzi, na watazamaji waliipa A. Lakini Oppenheimer, iliyopigwa kwa kamera za IMAX, ilikuwa imeshahifadhiwa skrini za IMAX kuanzia tarehe 21. Mission: Impossible hiyo ya Tom Cruise ikawa na siku tisa tu kwenye skrini hizo. Wikendi ya kwanza ilipata dola milioni 54.7, ya pili milioni 19.3. Iliyoitangulia katika mfululizo huo, mwaka 2018, ilifungua kwa milioni 61 ikashuka hadi 35 tu, na ikamaliza na milioni 220 za ndani. Hii ya 2023 iliishia milioni 172, nayo ilikuwa imegharimu karibu milioni 290. Haikuwa filamu mbovu. Kosa lilikuwa kwenye kalenda.

Na hapo ndipo watu husema, mbona Barbie na Oppenheimer zilifunguliwa siku moja na zote zikapeta? Barbie ilipata dola milioni 162, Oppenheimer milioni 82, na wikendi ya pili kila moja ilishuka kwa takriban asilimia 43 tu. Jibu ni kwamba watazamaji wao hawakuwa walewale, na skrini walizozihitaji hazikuwa zilezile. Mbinu hiyo si ngeni. Tarehe 18 Julai 2008, The Dark Knight ilipofungua kwa milioni 158, Mamma Mia! iliingia siku hiyohiyo na milioni 27.8, ikiwalenga wasiotaka kumwona Batman. Ilimaliza na milioni 144 nyumbani. Mission: Impossible, kinyume chake, iliwekwa mbele ya filamu iliyotaka skrini zilezile na, kwa sehemu kubwa, watu wazima walewale.

Urefu wa filamu nao una hesabu yake, na hili sijawahi kuliona likiandikwa kwenu. Barbie ina dakika 114, Oppenheimer 180. Ongeza dakika 20 za matangazo na trela, na 20 za kufagia bisi na kuingiza watu wengine. Ukumbi mmoja ukianza saa 5:00 asubuhi, Oppenheimer itaanza tena saa 8:40 mchana, saa 12:20 jioni na saa 4:00 usiku: maonyesho manne, la mwisho likiisha watu wakiwa wanasinzia. Barbie katika ukumbi wa ukubwa uleule inaanza mara tano, ya tano ikiwa saa 3:16 usiku, muda ambao watu bado wanatoka. Kwa hiyo filamu ya saa tatu inapopata zaidi ya nusu ya mapato ya filamu ya saa mbili, imefanya kazi kubwa kuliko tarakimu zinavyoonyesha.

Mashindano haya ya kufungua kila mahali kwa mpigo yana umri wa nusu karne. Jaws ilifunguliwa tarehe 20 Juni 1975 katika majumba 409 ya Marekani, ikisindikizwa na matangazo mazito ya televisheni, na wakati huo hilo lilikuwa jambo kubwa. Siku hizi filamu kubwa ya kiangazi huingia katika majumba zaidi ya 4,000. Ukifungua kwa upana huo, walio na hamu wote wanaiona ndani ya siku chache, kwa hiyo anguko la wiki ya pili limejengwa ndani ya mfumo wenyewe. Wikendi ya kwanza inapima zaidi nguvu ya matangazo. Filamu yenyewe hupimwa baadaye.

Nije kwenye faida, kwani hapa ndipo vichwa vya habari vya "yaingiza mamilioni" hupotosha zaidi. Fedha za tiketi si za studio zote. Nchini Marekani studio hubaki na nusu hivi, pengine zaidi kidogo kwa filamu kubwa. Nje ya Marekani kama asilimia 40. China asilimia 25. Chukua Indiana Jones and the Dial of Destiny, iliyofunguliwa 30 Juni 2023. Ilikusanya takriban dola milioni 384: milioni 174 za ndani na 210 za nje. Nusu ya 174 ni 87. Asilimia 40 ya 210 ni 84. Jumla milioni 171, kwa filamu iliyotajwa kugharimu karibu milioni 300, kabla hujahesabu matangazo, ambayo kwa filamu za daraja hilo hufika milioni 100 na kuendelea. Msomaji aliyeambiwa tu kwamba "imekusanya milioni 384" atadhani studio ilisherehekea. Ndiyo asili ya kanuni ya haraka kwamba filamu inahitaji kuingiza mara mbili na nusu ya bajeti yake kabla haijarudisha gharama kwenye majumba ya sinema. Ni kanuni ya kukisia, na mauzo ya baadaye ya televisheni na mtandaoni huongeza kitu, lakini ni bora kuliko kutoweka bajeti kabisa.

China inastahili tahadhari yake. Warcraft, Juni 2016, ilipata dola milioni 47 tu Marekani na zaidi ya milioni 200 China. Kwa jumla ilionekana imeokoka. Kwa mgawo wa asilimia 25, sehemu kubwa ya fedha hizo haikufika kwa waliotengeneza.

Kuhusu rekodi, naomba neno "rekodi" lipumzishwe. Dola hazihesabu vichwa. Tiketi za leo ni ghali kuliko za 1975, na mtu mmoja ndani ya IMAX hulipa zaidi ya mwenzake aliye ukumbi wa kawaida. Filamu inaweza kuipita nyingine kwa fedha huku imeonwa na watu wachache zaidi.

Huku kwetu filamu hizi huingia Dar es Salaam na Nairobi karibu wiki ileile, lakini kalenda ya Hollywood haijali mihula yetu. Tanzania likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni, Kenya watoto wako nyumbani Agosti. Filamu ya watoto ya Juni inaweza kukuta Nairobi shule ziko wazi. Hilo lingekuwa swali zuri la mwandishi wenu kumuuliza meneja wa jumba la sinema: katikati ya wiki kunakuwaje? Na wale wanaoangalia filamu hizohizo kwenye vibanda umiza, zikiwa zimetafsiriwa na madijei, hawahesabiwi popote, ingawa ndio wengi.

Ninachoomba si ukurasa mzima. Kwenye habari ya Jumatatu wekeni bajeti, idadi ya siku zilizohesabiwa na neno "makadirio" panapostahili. Halafu Jumatatu inayofuata rudini kwa filamu ileile kwa mistari mitatu: imeshuka kwa asilimia ngapi, imepoteza skrini kiasi gani, imeingiza kiasi gani hadi sasa. Mkikosa nafasi ya habari zote mbili, chapeni hiyo ya pili.

Msomaji wenu,
Upanga, Dar es Salaam